Siku Tatu Kutoka Roma



Tafakari yetu ya juma hili inatokana na karatasi moja tuliyokabidhiwa na mahujaji 14 wa parokia yetu wanaojiandaa kwenda Roma mwezi Oktoba. Watalala huko usiku saba. Ukiondoa siku ya kuwasili na ya kuondoka, Jumatano ya katekesi ya Baba Mtakatifu, siku ya kuzizungukia Basilika kuu nne, na Dominika ya Misa na sala ya Malaika wa Bwana, zinabaki siku tatu tu za kutoka nje ya mji na kurudi jioni ileile. Kwenye karatasi yao, hata hivyo, tumesoma majina tisa: Assisi, Orvieto, Firenze, Pisa, Padova, Loreto, Venezia, Pompei na San Giovanni Rotondo. Wametuomba tuyapange.

Tunaielewa shauku hiyo. Wapo miongoni mwao waliochanga nauli kwa miaka mitatu, shilingi kwa shilingi, wakiuza maharage na vitenge, na wanajua kwamba hawatakwenda mara ya pili. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kijuujuu kwamba apunguze. Lakini ramani ya Italia iliyobandikwa ukutani ina hila yake: miji inaonekana imekaribiana kama vigango vya parokia moja. Venezia kwa treni ya mwendo kasi ni karibu saa nne kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Padova, kwa Mtakatifu Antoni, ni zaidi ya saa tatu kila upande. Mwenye kufanya safari hiyo kwa siku moja atakuwa amehiji kwenye kiti cha treni. Kipimo tunachokipendekeza ni rahisi: hesabu saa utakazokaa mahali penyewe, kisha uondoe muda wa adhuhuri, kwa kuwa makanisa mengi ya miji midogo hufungwa wakati huo na kufunguliwa tena alasiri. Ikiwa saa zinazobaki ni chache kuliko zile za njiani, jina hilo lifutwe.

Kwa kipimo hicho, jina gumu kuliko yote kulifuta lilikuwa San Giovanni Rotondo. Liliandikwa na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mwenye magoti mabovu, aliyemwomba Mtakatifu Padre Pio kwa muda mrefu kwa ajili ya mwanawe. Yeye hakuandika jina jingine lolote. Kutoka Roma, treni inakupeleka Foggia, ambayo peke yake ni safari ya takriban saa tatu au zaidi, kisha basi linapanda mlima wa Gargano kama kilomita 40. Kwenda na kurudi ni siku nzima, na kwa magoti yale si siku moja bali mbili. Kulala huko usiku mmoja kungewezekana, ila kungemeza siku mbili kati ya tatu za watu wote 14, pamoja na gharama ya vyumba vya ziada wakati vya Roma vimekwisha kulipiwa.

Tulimfuata nyumbani kwake tukamweleza hivyo, bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Sasa Baba, hapo karibu na Roma, ni wapi Padre Pio ana ndugu?” Tukamjibu kwamba Padre Pio alikuwa Mkapuchini, na Wakapuchini ni wana wa Mtakatifu Fransisko, ambaye kaburi lake liko Assisi. “Basi nitakwenda kumwamkia baba yake,” akasema. Nasi tukaondoka pale tukiwa tumeipata siku ya kwanza.

Siku ya Assisi imepangwa kwa kufuata magoti ya bibi huyo, na tunadhani wote watafaidika. Treni ya kawaida kutoka kituo cha Termini huchukua saa mbili na dakika kadhaa. Nyingine huwalazimu abiria kubadilisha Foligno. Kituo cha Assisi hakiko mjini, kiko bondeni, kama kilomita nne chini yake, na wageni wengi hukimbilia basi la kupanda juu pasipo kugeuza shingo. Sisi tutaanza hukohuko bondeni, palipo tambarare, katika Basilika ya Mtakatifu Maria wa Malaika. Ndani ya Basilika hiyo kubwa kimehifadhiwa kikanisa kidogo cha mawe, Porziuncola, na hatua chache kutoka hapo ni mahali alipofariki Fransisko jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Hapo hapahitaji haraka. Baadaye tutapanda basi la mji hadi uwanja wa juu kabisa, Piazza Matteotti, ili sehemu kubwa ya matembezi iwe ya kuteremka: kwa Mtakatifu Klara, unapotunzwa ule msalaba wa San Damiano, kisha kwenye kaburi la Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, na mwisho kwa Fransisko mwenyewe. Jambo moja la tahadhari: tarehe 4 Oktoba, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, imerudishwa kuwa sikukuu ya taifa nchini Italia. Siku hiyo na zile za jirani yake tutaziachia Waitaliano.

Siku ya pili ni Orvieto. Hapa hatukuhitaji kusitasita. Treni ya kawaida hutumia saa moja na robo au zaidi kidogo, na mbele ya kituo kuna kitoroli cha reli kinachovutwa kwa kamba hadi juu ya mwamba uliobeba mji wote. Kila mwaka parokia yetu inatembea na Ekaristi Takatifu barabarani, watoto wakimwaga maua, na ni wachache wanaojua kwamba hati iliyoieneza sherehe hiyo katika Kanisa lote, Transiturus, ilitolewa na Papa Urbano IV akiwa Orvieto mwaka 1264. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka uliotangulia, katika mji jirani wa Bolsena, padre mmoja aliyesumbuliwa na mashaka aliona damu ikidondoka kutoka katika hostia aliyoigeuza. Kitambaa cha altare kinachohusishwa na tukio hilo kimo katika kanisa kuu la Orvieto, lililoanza kujengwa mwaka 1290. Ni haki kuongeza kwamba sherehe yenyewe ilikwisha kuadhimishwa Liège tangu mwaka 1246, kwa juhudi za Mtakatifu Juliana, na kwamba Urbano aliwahi kuwa shemasi mkuu hukohuko Liège. Wivu wa Waorvieto tunauheshimu, lakini mwanamke yule asisahauliwe.

Imebaki siku ya tatu, na hapa parokia imegawanyika. Vijana wanataka Firenze, na sababu wanazo: treni ya mwendo kasi inafika kwa saa moja na nusu. Hatuna neno baya juu ya Firenze. Hofu yetu ni foleni. Wakishinda huko, basi angalau waingie katika konventi ya San Marco, ambako Mwenyeheri Fra Angelico alichora ukutani mwa vyumba vya watawa wenzake, mchoro kwa kila chumba cha kulala.

Mahali pengine hapakuandikwa na yeyote, tumepaongeza sisi. Ni Subiaco, kama kilomita 70 mashariki ya Roma. Mtakatifu Benedikto, kijana aliyeyakimbia masomo mjini, aliishi miaka mitatu ndani ya pango la mlima huo, akishushiwa mkate kwa kamba na mmonaki aitwaye Romano. Wabenedikto waliojenga Peramiho na Ndanda wanaifuata Kanuni yake. Tena, katika monasteri ya Mtakatifu Skolastika iliyoko chini ya pango, Wajerumani wawili, Sweynheym na Pannartz, walichapa vitabu vya kwanza kupigwa chapa Italia, kunako mwaka 1465. Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya sala vya Ndanda na Peramiho tuna deni la salamu pale. Ugumu ni njia: basi la abiria huishia mjini, na monasteri ziko juu zaidi, tena zina ngazi. Kwa ajili ya bibi yetu na wenzake ingetubidi kukodi basi dogo kutoka Roma, na gharama yake igawanywe kwa 14. Wakijitoa vijana watano, inagawanywa kwa tisa.

Machache ya treni. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Migomo ya reli hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za kawaida zinazohakikishwa ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku.

Tiketi za bei nafuu za kwenda Firenze huisha kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo shauri la siku ya tatu haliwezi kuvuka Dominika ijayo. Tutakutana baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Kila hujaji aje amevaa viatu atakavyosafiri navyo, tuvione.