Kutoka Gunia Hadi Bomba

Picha za Tingatinga nilizozikuta kwa mjomba, Ushongo, zilichorwa kwenye hadibodi, ile ya dari, kama alivyoanza Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli. (Wengi husahau kwamba kabla ya hapo aliwahi kuwa kibarua wa mkonge huku kwetu Tanga.)

Mgeni akishalipa, ndipo kazi inaanza. Mjomba alizikabilisha mbili mbili, rangi kwa rangi, akapachika njiti za makuti kingoni zisigusane. Pembeni alishindilia makumbi ya nazi, maana hadibodi huumia pembe kwanza: ikidondoka hufumuka kama mkate uliolowa. Kisha gunia la katani, shazia na kamba. Katani haikuwa taabu kupata. Mkonge wenyewe uliletwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida. Kati ya miche 1,000, ni 62 tu iliyonusurika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mjomba akisimuliwa habari hiyo alicheka: huyo hakufunga vizuri.

Mzigo ulikwenda kwa baiskeli hadi Bweni, ukavuka kwa kivuko, ukapakiwa juu ya basi la Tanga. Pembe zilivunjika hapo zaidi kuliko kwenye ndege.

Kitambaa kilipoingia badala ya hadibodi, gunia likastaafu. Tukakata bomba la maji kwa msumeno, tukaviringisha picha kadhaa ndani, tukaziba ncha. Lakini rangi ya mafuta hukauka juu huku chini ingali mbichi, na gazeti la kutenganisha picha likinata, herufi hubaki shingoni mwa twiga. Tukahamia kanga kuukuu zilizofuliwa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 sikuililia, kwani ilifungia unyevu wa pwani ndani.

Kwangu mimi, kilichobadilika zaidi ni uchoraji. Rangi nene hupasuka ikiviringishwa, basi vijana wakaanza kupaka nyembamba, na ukubwa wa picha ukapimwa kwa begi la mgeni. Simlaumu mtu, ila tembo wa hadibodi ndiye bora.

Ukinunua ya kitambaa, usikubali ikunjwe. Iviringishwe rangi ikiwa nje, kwenye bomba pana, na ukifika nyumbani itoe siku hiyo hiyo.