Kovu Lililositiriwa

Ndugu msomaji, utazame mwezi wetu usiku wa mwezi mpevu. Ukipata hata darubini ndogo utauona umejaa mashimo, makubwa kwa madogo. Hayo ni makovu ya vimondo vilivyoupiga tangu zama na zama. Mwezi wetu hauna hewa ya kutajika, hauna upepo wala mvua; kwa hivyo pigo lililoupata miaka milioni nyingi nyuma lingali wazi hata leo, kila mwenye macho alione.

Ama sayari ya Zohali inao mwezi wa namna nyingine, uitwao Titan. Aliyeugundua ni Christiaan Huygens, mtaalamu wa Uholanzi, mwaka 1655. Mwezi huu umevaa hewa nzito, ambayo kanieneo lake pale chini ni kama mara moja na nusu ya hewa yetu, na juu umetandwa na ukungu wa rangi ya chungwa. Kimondo kidogo kikiuendea huungua na kuvunjika njiani. Kikubwa kikipenya kikapiga, shimo lake haliachwi vivi hivi. Huko hunyesha mvua, si ya maji bali ya methani, ile gesi ambayo kwetu huwaka moto. Mito hupita, na upepo huleta mchanga mweusi ukafukia. Chombo cha Cassini, kilichouchunguza kwa rada baina ya mwaka 2004 na 2017, kiliona mashimo machache mno, yasiyofika mia, katika mwezi ulio mpana kuliko sayari ya Utaridi.

Moja katika hayo laitwa Selk. Upana wake ni kama kilomita 80, karibu sawa na urefu wa kisiwa cha Unguja kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Ardhi ya huko ni barafu ngumu mfano wa jiwe, kwa baridi inayokaribia digrii 180 chini ya sifuri. Wataalamu wanaona kwamba pigo lile liliyeyusha barafu, na maji yakakaa humo muda mrefu kabla ya kuganda tena, yakichanganyika na vitu vya kaboni vishukavyo kutoka katika ule ukungu. Kwa ajili hiyo Marekani inakusudia kurusha, mwaka 2028, chombo kiitwacho Dragonfly, mfano wa helikopta chenye mapangaboi manane, kifike huko mwaka 2034. Katika mwezi wote ule, mahali walipopataka zaidi ni pale palipojeruhiwa.

Nimeyafikiri haya sana mwaka huu, kwa sababu ilikuja posa nyumbani kwetu. Kijana mwenyewe aliwahi kufungwa kwa wizi alipokuwa na miaka 19. Tangu atoke ni miaka kumi na miwili. Ni seremala, anamtunza mamake, na hakuna mtu aliyemlalamikia. Lakini posa ilipojulikana, walikuja watu watatu, kila mmoja kwa siku yake. Hakuna hata mmoja aliyetueleza namna kijana anavyoishi leo. Wote walikuja kutukumbusha lile la zamani.

Binti ni mtoto wa ndugu yangu. Tulimweleza yote, maana kumsitiri mtu si kumdanganya anayehusika. Mwenye kutaka kuolewa ana haki ya kujua. Akasema habari ile aliijua, na ameridhia. Nasi tukaipokea posa.

Hakika kuna miji yetu iliyo kama mwezi usio hewa. Mtu akikosea mara moja, kosa lake huwekwa juani, na watoto wa barazani hurithishwa habari zake kabla ya kumjua kwa sura. Hatambuliwi tena ila kwa siku ile moja. Je, mtu huyo atatengenea vipi?

Rada ilipenya ukungu ikaliona shimo la Selk. Kwa hivyo sitara haifuti ukweli. Ila humpa aliyeanguka nafasi ya kujenga, na huenda pale palipovunjika pakatoka kheri isiyotazamiwa. Basi ndugu zangu, jirani yako akitengenea, usiwe wewe wa kuufukua mchanga uliokwisha kulifunika kovu lake.