Kibaba cha Umeme: Safari ya Isiolo

Ukitoka Nanyuki kwenda Isiolo, barabara kwanza hukupandisha Timau, katikati ya mashamba ya ngano na baridi ya Mlima Kenya, kisha huanza kukuteremsha. Miti hupungua, hewa huwa kavu, na ukifika njia panda ya Subuiga utaiona nyika ya kaskazini imetandazwa chini yako kama mkeka. Ni kilomita zipatazo 80 tu, lakini ni kama kutoka nchi moja na kuingia nyingine. Kwa miongo mingi Isiolo ilikuwa kikomo cha lami. Aliyekwenda Marsabit au Moyale alijikabidhi kwa Mola wake na kwa vumbi. Leo lami inafika Moyale, lakini mji haujaacha kuwa kizingiti. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, na Wasomali ambao wazee wao walikuwa askari waliopewa makazi hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wote hukutana sokoni, na adhana husikika kila upande.

Sisi tulikwenda kwa ajili ya akika. Mwenzake mume wangu kazini alikuwa amejaaliwa mtoto wa kiume, na mama yake, mkaazi wa Bulapesa, alitualika tulale kwake siku mbili. Tukaona ni nafasi njema ya kulijaribu gari letu jipya. Jipya kwetu, nasema, kwani lilikuwa limetumika: gari dogo la umeme la Kijapani tulilolinunua katika yadi moja ya Mombasa na kulisafirisha kwa lori hadi Nanyuki tunakofanya kazi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, nasi tukadhani umri ndio wote wa kuulizwa. Rangi ilimeta, viti vilikuwa safi, na muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu.

Tuliondoka Ijumaa baada ya Asri na betri imejaa. Kabla hatujamaliza mlima wa Timau, nusu ilikwisha kwenda. Mume wangu akanyamaza, nami nikamwachia ukimya wake. Tulipoanza kuteremka alitabasamu tena, maana gari la aina hii likiteremka, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, na kile kipimo kikapanda badala ya kushuka. Hatukufikiri wakati ule kwamba mteremko wa leo ndio mlima wa keshokutwa.

Mama yetu wa Bulapesa alitupokea kwa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Isiolo ni mji wa maziwa hayo, na biashara yake imo mikononi mwa wanawake. Ushirika wao wa Anolei umeyafikisha hadi Eastleigh, Nairobi. Mwenyeji wetu naye alikuwa na biashara yake ndogo, na friza lililowekwa karibu na mlango wa nyuma. Baada ya Isha mume wangu akaomba ruhusa ya kuchomeka gari. Alijibiwa kama anavyojibiwa mgeni: “Nyumba ni yako, mwanangu.” Tukapitisha waya dirishani, tukalala.

Kabla ya Alfajiri niliamka kwenda kutawadha, nikabonyeza swichi, giza. Nilidhani umeme umekatika mtaa mzima, lakini kwa jirani taa ilikuwa ikiwaka. Hapo ndipo nilipoelewa. Mita ya nyumba ile ni ya tokeni, na gari letu lilikuwa limezila yuniti zote zilizobaki, usiku kucha, bila kelele. Mwenyeji alikuwa ameshaamka. Amesimama mbele ya friza na tochi ya simu, ananusa dumu moja baada ya jingine, wala hakutuamsha.

“Shikamoo mama,” nilisema, na sikuwa na la kuongeza.

“Marahaba. Usijali, maziwa ya ngamia ni mavumilivu kuliko ya ng'ombe.”

Ni kweli, hukawia kuharibika. Lakini madumu mawili yalikuwa yamekwisha kuanza kuchacha, na maziwa ya kuchacha hayakuwa yale aliyoagizwa na wateja wake. Mume wangu alinunua tokeni kwa simu palepale, akaziingiza zile tarakimu 20 kwenye mita, na baada ya sala akampa fedha za madumu mawili. Alikataa. Walivutana kwa adabu hadi chai ikapoa, mmoja akisema mgeni halipi, mwingine akisema hii si zawadi, ni dhamana. Mwishowe alizipokea kwa mkono wa mtoto mchanga, yaani zikawekwa kwenye shuka lake.

Baada ya shughuli, kijana mmoja wa nyumba hiyo, fundi wa magari, alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani na kusoma takwimu kwenye simu yake. Kisha akatuonyesha jambo lililokuwa mbele ya macho yetu siku zote. Kwenye dashibodi, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna mistari midogo ambayo gari jipya huwa nayo 12. Letu lilikuwa na 8. Mistari ile haisemi umeme uliomo. Inasema betri bado inaweza kubeba kiasi gani. Ilipotoka kiwandani ilibeba kilowati-saa 24, sasa inabeba kama 15. Asilimia 100 tuliyoiona Nanyuki ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa imejaza kibaba kilichokatwa mdomo.

Akatufunza mengine. Betri kama hii, isiyo na mfumo wa maji wa kuipoza, huumizwa na joto, basi mahali kama Isiolo ichajiwe usiku, wala isiachwe imejaa pomoni juani. Waya wa ekstensheni usiachwe umeviringishwa, maana hupata moto, na plagi iguswe mara kwa mara. Ikichoma mkono, chomoa. Na kwa kuwa chaji ya usiku mmoja hunyonya yuniti 10 au zaidi, anayechomeka kwa watu na aangalie mita kwanza.

Mume wangu alimpigia simu muuzaji. Jibu lilikuwa fupi: hamkuuliza. Nikakumbuka hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya Mtume wetu (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka juu watu wauone. Unyevu wa rundo letu ulifichwa Mombasa, ukaja kutokea ndani ya friza la mama mmoja Bulapesa ambaye hakununua chochote.

Jioni ile alikuja dereva wa teksi aliyelipenda gari. Kwa mizunguko ya mjini, alisema, lingemfaa sana, na bei aliyoitaja ilitutia tamaa kidogo. Nilimtazama mume wangu. Alifungua mlango, akamketisha kwenye usukani na kumhesabia mistari kwa kidole: moja, mbili, hadi nane, kisha nafasi nne tupu. Yule bwana alishukuru, akasema atafikiri. Hakurudi.

Jumapili tuliondoka alfajiri, polepole, betri imejaa kadiri inavyoweza kujaa. Ule mteremko sasa ulikuwa mlima, na tulipofika Subuiga zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha. Tukasimama mbele ya duka moja. Mume wangu alimsalimu mwenye duka, akaeleza shida yetu, na kabla ya kuutoa waya akamuuliza mita yake imebakiwa na yuniti ngapi.