Sauti ya Mkulima Katika Filamu

Ndugu msomaji, sisi wakulima hupigwa picha mara nyingi. Mgeni huja na kamera. Hupiga picha shamba, watoto na nyumba za nyasi, kisha huenda zake. Picha hizo hatuzioni. Wala hatujui ni maneno gani yamesemwa juu yetu. Jambo hili limeniudhi kwa muda mrefu. Kwa hiyo nataka kukueleza habari za mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa njia nyingine.

Jina lake ni Safi Faye. Alizaliwa mwaka 1943 mjini Dakar, katika nchi ya Senegal, Afrika Magharibi. Jamaa zake walitoka kijiji cha Fad'jal. Kwanza alikuwa mwalimu wa shule. Baadaye alikwenda Ufaransa, akajifunza elimu ya mila na maisha ya watu. Alijifunza pia kutengeneza filamu.

Katika kazi yake alijitegemea. Alichagua mwenyewe habari za kueleza. Fedha pia ilibidi azitafute. Kazi ya namna hiyo ni ngumu, kwa sababu fedha hazipatikani upesi.

Mwaka 1975 alitoa filamu iitwayo Kaddu Beykat. Kwa Kiwolofu maana yake ni Sauti ya Mkulima. Filamu hiyo ni kama barua kutoka kijijini. Wanaoonekana ni wanakijiji wenyewe. Wanalima, wanapika, wanakaa chini ya mti na kuzungumza. Wanaeleza shida za kulima karanga za kuuza, mvua inapokosekana na madeni yanapowabana. Kijana mmoja, Ngor, anataka kuoa. Mavuno ni haba, mahari hana. Anakwenda Dakar kutafuta kazi, na huko anadhulumiwa. Babu yake Safi Faye yumo pia katika filamu. Mzee huyo alifariki siku chache baada ya kazi ya kupiga picha kwisha.

Wakati ule filamu hiyo ilipigwa marufuku nchini Senegal. Hebu fikiri, ndugu yangu! Maneno ya wakulima waliokaa chini ya mti yaliogopwa. Lakini mwaka 1976 filamu hiyo ilipata tuzo mjini Berlin, Ujerumani. Mwaka 1979 Safi Faye alitoa filamu nyingine, Fad'jal. Humo wazee wanawasimulia watoto historia ya kijiji chao. Mama huyu alifariki mwaka 2023.

Mimi pia nalima karanga. Najua uchungu wa kupalilia jua kali, kisha mvua ikakataa. Mtu akipiga picha shamba langu bila kuniuliza neno, uchungu huo hauonekani. Safi Faye aliuliza, akasikiliza, ndipo akapiga picha.

Basi, ndugu msomaji, mgeni mwenye kamera akija kwako, mkaribishe. Lakini muulize: Picha hizi ni za nini? Je, tutaziona? Nawe mweleze maisha yako kwa maneno yako mwenyewe. Tena sasa unajua kuandika. Chukua kalamu, uandike habari za kijiji chako. Usingoje mgeni akusemee.