Kete za Bao na Mkono Uliopooza

Nilipohitimu fiziotherapia KCMC, Moshi, katikati ya miaka ya 1980 na kupangiwa hospitali moja ya pwani, mgonjwa wa kiharusi alifika kwetu baada ya kuzungushwa kote. Mtu kulala mzima akaamka upande mmoja umekufa na mdomo umekwenda kombo, hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya pepo. Alipelekwa kwa mganga, akakandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta ya nyonyo. Na kwa kuwa kila aliyemwinua kitandani alimshika mkono uleule uliopooza na kuuvuta, alifika kwetu bega limeshalegea, linauma hata kwa kuguswa. Bega lile lilinikasirisha kuliko kiharusi chenyewe, maana lingeweza kuepukwa.

Wakati huo tulifuata njia ya Berta Bobath na mumewe Karel, iliyoanzia London miaka ya 1940. Msuli unaokaza ulegezwe kwanza, kisha mikono ya mtaalamu iuongoze mwili mpaka uukumbuke mwendo sahihi. Mgonjwa akijitutumua tulimtuliza, tukihofia mkono utazidi kukaza. Namheshimu sana Berta, kwa sababu alishikilia kwamba upande uliopooza usisahauliwe, wakati ambapo wengi walifundishwa kujimudu kwa upande mzima tu. Lakini aliyefanya kazi kubwa katika chumba kile nilikuwa mimi. Mgonjwa alilala, akafanyiwa.

Lililogeuza mambo lilitoka mbali. Huko Marekani, mtafiti Edward Taub alikuwa amechunguza kima waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Waliuacha mkono ule kabisa, ingawa ulikuwa bado na uwezo. Ule mzima ulipofungwa, wakaanza kuutumia uliosahauliwa. Akaona kwamba sehemu ya ulemavu wa kiharusi ni mazoea ya kutoutumia mkono. Mwaka 2006 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 222 waliokwisha kupita miezi mitatu hadi tisa tangu kupooza. Waliovalishwa glavu nene katika mkono mzima na kufanyishwa kazi kwa ule dhaifu, wiki mbili mfululizo, waliendelea vizuri kuliko wenzao. Wote walikuwa na dalili za kuweza kukunjua kidogo kifundo cha mkono na vidole, na jambo hili lazima familia ziambiwe, maana mkono usiotikisika kabisa hautaamshwa kwa kuufunga mwenzake.

Chumba chetu kikabadilika. Mvuvi mmoja mzee alivisukuma pembeni vijiti vya kuchomeka nilivyompa. “Mwanangu, haya ya watoto.” Wajukuu wakamletea bao. Mashimo 32, kete 64. Kuchota kete, kuzishika zisimwagike, kuziachia mojamoja huku mkono ukisogea shimo hadi shimo: hakuna kifaa cha hospitali kilichowahi kunipa zoezi kamili kama hilo. Na alicheza kwa hasira ya kutaka kushinda, mara nyingi kuliko ambavyo ningethubutu kumwagiza. Kinamama nikawarudishia ukili wao, na walioweza kukaa bila kuyumba nikawaweka kwenye mbuzi ya nazi.

Pupa nayo ina madhara. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika hospitali 56, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Siku ile ya kwanza, basi, ni kidogokidogo.

Jambo moja halijabadilika vya kutosha. Hospitali iko mjini, mgonjwa yuko kijijini, na nauli ya kila wiki inaishinda familia. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza namwita binti au mkwe atakayemtunza, na kumwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kwa kushika mgongo wa bega na nyonga, asiuguse mkono. Hujifunza upesi. Lakini mkwe hawezi kuwa mtaalamu peke yake. Natamani kila kituo cha afya kiwe na mtu wa fiziotherapia na apewe pikipiki, awafuate wagonjwa majumbani mwao, mahali lilipo bao lenyewe.