Kiolezo cha Mwingine, Kipimo Changu

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyotosha kuhukumu nguo yoyote: kubana, kupwaya na kukaa. Nguo ikikubana, unahema kwa shida. Ikikupwaya, unaonekana umeazima, na wahenga walishasema kwamba cha kuazima hakisitiri matako. Ikikukaa, watu hawaioni nguo, wanakuona wewe.

Hapa Massachusetts joto la Julai huja na unyevu wake, mtu akadhani yuko Tanga. Huo ndio msimu ambao mimi na maduka hatuelewani. Gauni linalonitosha nyonga hunipwaya kiunoni, na linalonikaa kiunoni halipiti nyonga. Isitoshe, magauni mengi ya kiangazi yanayouzwa huku ni mafupi, hayana mikono, na kitambaa chake ni chepesi hata jua linapenya. Mama yangu hanikatazi kitu kwa sauti kubwa. Hulitazama gauni nililoleta, kisha huuliza, "Na nusu yake nyingine iko wapi?"

Kiangazi kilichopita nilijishonea magauni matatu. Yote yametokana na violezo vya karatasi vya miaka ya 1950. Wenzangu kadhaa wa klabu wameniuliza nilikoyanunua, na haya ndiyo majibu, ingawa ni marefu kidogo kuliko walivyotarajia.

Kwanza, kwa nini violezo vya zamani? Kwa sababu gauni la kiangazi la wakati ule ni la pamba, kiuno chake kiko mahali pa kiuno, na sketi yake ni pana na inashuka chini ya magoti. Upepo unaingia na stara inabaki. Mikono, kama haipo, inaweza kuongezwa. Katika maduka ya mitumba ya huku violezo hivi hukaa kwenye sanduku pembeni, karibu na sahani na vitabu vya mapishi. Changu cha kwanza nilikipata kwa dola 4. Juu ya bahasha wamechorwa wanawake watatu wembamba wenye glavu nyeupe, na ndani mna karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zimekunjwa vizuri, pamoja na maelezo ya kushona hatua kwa hatua.

Biashara hii ya karatasi ilianzia jimbo hili hili. Mwaka 1863 fundi mmoja wa mji wa Sterling, Ebenezer Butterick, alianza kuuza violezo vilivyokatwa kwa saizi mbalimbali. Kabla yake mwanamke aliyepata kiolezo gazetini alipata saizi moja tu, na kazi ya kukipanua au kukipunguza ilikuwa juu yake. Butterick alianza na nguo za wanaume na wavulana, na mwaka 1866 akaingiza za wanawake. Alitumia karatasi nyembamba kwa kuwa inakunjika na kupelekwa kwa posta kwa gharama ndogo. Violezo vya mwanzo havikuwa na maandishi juu ya karatasi yenyewe. Vilitobolewa vitundu, na kila aina ya kitundu ilikuwa na maana yake: hapa kunja kitambaa, hapa fuata uzi wa kitambaa. Changu, kwa bahati, kimechapishwa.

Nilimwonyesha Bibi bahasha ile kwenye simu ya video. Yeye yuko Tanga, na ujanani alishona nguo za watoto wake wote kwa cherehani cha kukanyaga. Lazima niseme kwamba kabla ya hapo simu zetu zilikuwa fupi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Kisha hali ya hewa, kisha masomo, kisha kimya, kisha namrudishia Mama simu. Kiswahili changu kilikuwa kinatosha salamu, lakini hakikuwa na jambo la kuzungumzia. Siku ile Bibi alivaa miwani yake.

Aliniambia kwamba fundi wa mtaani kwao hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na futi shingoni, chaki mkononi na daftari la shule mezani. Alikupima, akaandika namba zako mbele ya jina lako, kisha akachora moja kwa moja juu ya kitambaa chako. "Sasa hiyo karatasi yako ni ya nani?" aliniuliza. Nikamwambia ni ya kampuni. "Kampuni najua. Nauliza, alipimwa nani?"

Swali hilo lilinipeleka maktaba. Nilichokuta ni kwamba mwisho wa miaka ya 1930 serikali ya Marekani iligharimia kazi ya kupima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili watengenezaji wa nguo na wa violezo wapate jedwali la kufuata. Ripoti ya Ruth O'Brien na William Shelton ilitoka mwaka 1941. Vipimo vilivyoingizwa katika hesabu zake ni vya wanawake weupe peke yao. Mwaka 1958 vikatangazwa viwango rasmi vya saizi za nguo za wanawake vilivyojengwa juu ya kazi hiyo. Sisemi kwamba bahasha yangu ilichorwa kutoka jedwali lile, maana kampuni za violezo zilikuwa na majedwali yao. Lakini nilielewa kwamba "mwanamke wa kawaida" wa zama zile hakutafutwa mitaa ya bibi zangu. Kwa hiyo nikiingia duka lolote na nguo ikakataa, si lazima mwili wangu ndio uwe na kasoro.

Namba zenyewe pia zinahamahama. Katika violezo vya Marekani vya kati ya 1956 na 1967, namba 14 ni mwanamke mwenye kifua cha inchi 34, kiuno 26 na nyonga 36. Mwaka 1968 kampuni zilibadili hesabu, na kifua cha inchi 34 kikaitwa namba 12. Maduka mengi ya leo yangemwita mwanamke huyo huyo namba 4, au hata 2. Kwa hiyo mwenzangu, ukinunua kiolezo cha zamani, usitazame namba kubwa iliyoandikwa mbele. Geuza bahasha, usome inchi.

Mama ndiye aliyenipima. "Usivute tumbo ndani," alisema. "Hili gauni halikai kwenye picha, litakwenda kula." Kifua 34, kiuno 28, nyonga 41. Ukilinganisha na bahasha, kifua kinalingana, kiuno kinazidi kwa inchi 2, na nyonga kwa inchi 5. Nyonga haikunipa tabu, kwa sababu nilichagua gauni lenye sketi ya marinda, na marinda hayamuulizi mtu nyonga zake. Kiuno ni hesabu nyepesi. Kila kipande cha karatasi ni nusu ya mwili, kwa kuwa kitambaa hukatwa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Ukiongeza nusu inchi ubavuni mwa kipande cha mbele na nusu inchi ubavuni mwa kipande cha nyuma, kitambaa kikikunjuliwa unapata nusu inchi mara nne, yaani inchi 2 kamili.

Karatasi ya asili sikuigusa kwa mkasi. Niliinakili kwenye karatasi pana ya kuchorea, nikafanya marekebisho kwenye nakala. Karatasi ya miaka zaidi ya 60 huchanika kwa pumzi tu, na ukishaikata, aliyekuja baada yako hana kitu.

Kisha Mama akasema, "Sasa kanunue marekani." Wale tunaojifunza Kiswahili darasani tunalijua neno hilo kama nchi. Kwa Mama na Bibi ni kitambaa pia: pamba nzito kiasi, isiyopaushwa, ya bei ndogo, ambayo mafundi huitumia kushonea gauni la majaribio kabla ya kugusa kitambaa chenyewe. Jina limetokana na safari za meli. Tangu miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Salem, mji ulio jimboni humu humu, walikwenda Zanzibar kununua pembe za ndovu na sandarusi, na walichopeleka zaidi ni nguo hiyo ya pamba kutoka viwanda vya New England. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, akafika Unguja. Pamba iliyosokotwa viwandani ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba hiyo, wafanyabiashara wa nguo za Uingereza na India walichukua nafasi. Kitambaa cha Wamarekani kikapungua sokoni, jina likabaki mdomoni. Nami nikatoka duka la vitambaa la hapa hapa Massachusetts na yadi tatu za marekani, nikiwa nimetumwa na mtu wa Tanga.

Gauni la majaribio ndilo lililonifundisha kazi. Nilishona sehemu ya juu tu, kwa mishono mirefu ya kupiga bandi inayofumuka upesi, nikalivaa nje ndani ili mishono ionekane. Nikiwa nimesimama wima, lilikuwa sawa. Nikinyoosha mikono mbele, kama mtu anayeendesha baiskeli, lilinibana mgongoni. Bibi aliliona hilo kwenye simu kabla yangu. "Mwambie mama yako akate hapo nyuma." Mama alichukua mkasi, akachana marekani mgongoni toka juu kushuka chini, na kitambaa kikaachana chenyewe kiasi cha upana wa kidole. Upana huo ndio mgongo wangu uliokuwa ukiomba. Tukaupima, nikakata karatasi yangu mahali pale pale, nikabandika kipande cha upana huo katikati. Kiuno cha gauni kilikuwa nusu inchi juu ya kiuno changu. Hapo pia nilikata karatasi kwa mlalo, nikaingiza kipande cha nusu inchi. Tukajaribu tena. Limekaa.

Kwa gauni la tatu nilitumia kanga aliyoniletea shangazi yangu. Kanga moja ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110, na doti ni kanga mbili. Nilitaka sketi ya sentimita 75, inayofika katikati ya muundi. Nilikata sehemu ya juu ya kila kanga, nikaacha chini na pindo lake, nikaziunganisha mbavuni nikapata mzunguko wa mita tatu, kisha nikaukusanya kwa marinda mpaka ukaingia kiunoni. Vile vipande vya juu vya sentimita 35 vikawa mikono, na pindo la juu likaja kukaa karibu na kiwiko. Sehemu ya kifua na mgongo ni pamba isiyo na maua ya rangi ile ile. Jina la kanga limebaki kwenye sketi, mbele mara moja na nyuma mara moja, lakini limejificha ndani ya marinda. Nikisimama halisomeki. Nikikaa na kulitandaza, linasomeka lote. Sitaliandika hapa. Mwenye hamu aje aketi karibu nami.

Je, ni rahisi kuliko kununua? Hapana. Gauni la kwanza lilikula jioni za wiki mbili, na ukijumlisha kitambaa, uzi, zipu na marekani, dukani ungepata gauni kwa bei hiyo au chini yake. Ila la dukani limekwisha kukatwa. Likikukataa, huna la kufanya ila kulirudisha. Kiolezo nacho kimetokana na mwili wa mtu mwingine, tena mtu wa zama nyingine, lakini bado ni karatasi. Unaweza kukibishia. Unakata hapa, unaingiza kipande pale, mpaka kikubali kwamba wewe ndiye utakayevaa. Fundi wa mtaani kwa Bibi alianza na mwili, nami nilianza na karatasi, na sote tulitegemea futi.

Siku hizi Bibi ndiye anayepiga. Anataka kujua kwapa imekuwaje, na kama kola imelala au imesimama. Nimejifunza kwake maneno ambayo sikuyakuta katika kitabu cha darasa: bitana, mshazari, taraza, upindo. Juzi aliniagiza nimkatie nakala ya kiolezo cha gauni la kwanza, nimpelekee na mtu anayekwenda likizo. Nikamuuliza atakitumiaje, na vipimo vyake si vyangu. Akacheka. "Wewe leta karatasi. Futi ninayo."

Masharti yangu kwa wanachama wenzangu ni hayo hayo. Violezo vyangu vitatu viko kwenye bahasha zake, na nakala zake zimeandikwa marekebisho yote kwa penseli. Atakayetaka kunakili aje nazo nyumbani, lakini aje na futi yake, na asivute tumbo.