Pazia Mbele ya Darubini

Wazee wetu walisema, macho hayana pazia. Maana yao ni kwamba jicho huona hata lile lisilopasa kuonwa. Lakini kwa jua hapana budi pazia liwepo, na tena liwe mahali pake. Nataka kuwaeleza wazazi wenzangu wa Korogwe, Handeni na kwingineko jambo hilo, kwa kuwa siku hizi darubini ndogo zimeanza kuingia majumbani, na kila mwenye simu ataka kupiga picha za mwezi na jua.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, mkoa wa Mbeya, watu waliona pete ya mwanga imeuzunguka mwezi. Huku kwetu Korogwe tuliona jua limemegwa kama mkate. Siku ile niliwaona watu wazima wakilitazama kwa picha za eksirei, kwa miwani ya kawaida, na kwa vioo vilivyopakwa masizi. Vyote hivyo si kinga. Vyapunguza mwanga hata jicho lisisumbuke, lakini mionzi iunguzayo yaweza kupita. Na kule nyuma ya jicho, ambako picha ya kitu huchorwa, hakuna neva za maumivu. Mtu huungua asijue. Aja kutambua baada ya saa kadhaa, aonapo doa katikati ya kila kitu akitazamacho.

Hayo ni kwa jicho tupu. Sasa fikirini darubini. Mboni ya jicho wakati wa mchana ina upana wa milimita 2 hivi. Darubini ndogo yenye mdomo wa milimita 70 hukusanya mwanga zaidi ya mara 1,000 kuliko mboni hiyo, ikaupeleka wote kwenye tundu dogo la kutazamia.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaa Chanika, Handeni. Mwaka 2024 alinunua darubini ya namna hiyo kwa mtu. Usiku wa Handeni ni mweusi kuliko wa Korogwe, akapiga picha nzuri za mwezi kwa simu yake. Kisha akasikia kwamba mwaka ule jua lina madoa mengi. Ni kweli, maana madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na 2024 ulikuwa mwaka wa wingi. Akanipigia simu kwamba Jumamosi atawaonyesha watoto wa majirani, niende kumsaidia. Nikachukua karatasi maalumu ya kuchujia jua, niliyoagiza Dar es Salaam, nikapanda basi asubuhi mapema. Njia ni kilometa 65 tu.

Nilipofika nikakuta amekwisha kuandaa kila kitu. Ndani ya sanduku la darubini mlikuwa na kioo kidogo cheusi kilichoandikwa "jua" kwa Kiingereza. Hufungwa kwa skrubu kwenye lenzi ya kutazamia, karibu na jicho.

"Shemeji, kioo hiki tusikitumie," nikamwambia.

"Kimetoka kiwandani pamoja na darubini, shemeji. Waliokitengeneza ndio wajuao."

Moyo wangu ukawa mzito. Yeye ni mkubwa kwangu, na ndiye aliyepokea posa yangu. Kumpinga mbele ya watu si heshima. Lakini watoto 11 walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na wa kwanza alikuwa binti yake wa miaka 7. Nikamwomba tusogee kando na darubini, watoto wabaki kivulini kwa mama yao.

Nikaielekeza darubini kwenye jua bila kioo chochote, wala sikuchungulia. Nilitazama kivuli chake chini. Kilipokuwa kifupi kabisa, nikajua imelenga. Kisha nikashika kipande cha karatasi nyeusi kwa koleo nyuma ya lenzi. Haukupita muda, moshi ukatoka, na tundu likatokea.

"Hapo, shemeji, ndipo kioo kile kikaapo," nikasema. "Joto lote humwagika juu yake. Kikipasuka, mtoto hana nafasi hata ya kufumba jicho."

Hakujibu. Alikitoa kioo mfukoni, akakiweka juu ya jiwe, akakiponda kwa jiwe jingine. Kisha akamwita binti yake alete mkasi.

Tukaanza kazi. Kichujio cha kweli hukaa mbele, mdomoni mwa darubini, ili jua lipunguzwe kabla halijaingia. Karatasi ya kutazamia kwa macho hupitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 za mwanga. Iko nyingine hafifu zaidi, ya kupigia picha tu. Hiyo jicho lisiikaribie. Tulikata pete mbili za boksi gumu, tukaibana karatasi katikati bila kuivuta, maana mikunjo midogo haidhuru. Tukazungushia ukingo wa boksi uvae mdomo wa darubini kama kifuniko cha sufuria. Tukaimulika kwa tochi kutafuta matundu; karatasi yenye tundu au mchubuko hutupwa. Mwisho tukaifunga kwa tepu pande zote, upepo usije ukaing'oa, na ile darubini ndogo ya kulengea tukaiondoa kabisa.

Ndipo watoto wakatazama, mmoja mmoja. Jua lilikuwa jeupe, na madoa yake kama punje za ulezi. Nikawaambia kwamba upana wa jua ni dunia zetu 109 zikipangwa mstari, na doa moja kubwa laweza kuimeza dunia nzima. Shemeji akaweka simu yake kwenye lenzi, akapunguza mwanga, akazungusha kifundo mpaka ukingo wa jua ukawa wazi. Alipiga picha nyingi, akachagua moja. Ilitubidi tumalize kabla ya saa nne, kwa sababu ardhi ya Handeni ikipata joto hewa huchemka na picha hutetemeka.

Wazazi, tarehe 2 Agosti 2027 ni siku ya kupatwa kwa jua tena. Huko Misri na Arabuni jua litafunikwa lote. Kwetu litamegwa sehemu tu, wakati wa mchana. Watoto watatoka nje, wala hamtaweza kuwazuia wote. Basi watafutieni mapema miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, iliyo nzima. Aliyekosa na atoboe tundu dogo katika boksi, alipe jua mgongo, atazame picha ya jua ikianguka juu ya karatasi nyeupe. Na mwenye darubini aanze na mdomo wake, si na jicho lake. Kama ana kile kioo cheusi cha machoni, jiwe analijua lilipo.